Unga wa Nusu Kilo

Dukani pale Elburgon walishamzoea Wanjugu: unga wa nusu kilo, mafuta ya kupima ndani ya kichupa chake, chumvi kidogo kwenye karatasi. Kesho yake yuko pale tena.

"Mama Kihara, kwani unapikianga kuku?" mwenye duka alimtania.

Wanjugu alicheka, lakini hakuongeza hata kijiko. Watu walimwita bahili, na watu nao, wakikosa la kujua, hawakosi la kudhani.

Kisha mwanawe Kihara akamwoa Nasimiyu. Huyu alilelewa penye ghala lililojaa, na jiko tupu lilimtia aibu. Hata mwezi haujaisha, akaleta bale nzima ya unga, pakiti kumi na mbili, na mtungi wa mafuta, akavipanga kwenye rafu huku akiimba.

"Akiba haiozi, Mama," alisema.

Wanjugu aliitazama ile bale. Siku hiyo hakula. Asubuhi, mkaza mwana alipokwenda kuteka maji, Wanjugu aliigawa pakiti kwa pakiti, na mafuta pia, mlango hadi mlango. Majirani hawakuuliza, nani hukataa unga?

Nasimiyu alirudi akakuta rafu tupu. Hasira zikampanda.

"Mama, kama hunitaki hapa si uniambie tu!"

"Keti." Wanjugu alimwonyesha kigoda. "Zile fujo za baada ya uchaguzi zilitupata na bale kama hiyo. Tulikuwa tumeshatoroka, tuko msituni, wote wazima. Baba Kihara akasema, watoto watakula nini na unga uko nyumbani? Akarudi. Tuliona nyumba ikiwaka tukiwa huko huko." Alijifuta macho kwa leso. "Nusu kilo hakuna mtu atarudia."

Nasimiyu alimshika mkono.

"Hayo yaliisha, Mama. Na hata yakirudi, tutaacha kila kitu."

"Wewe utaacha. Na Kihara? Yule ni mtoto wa babake."

Nasimiyu aliitazama ile rafu tupu. Alimjua mumewe: juzi tu alikatiza mvua ya mawe kurudi shambani, kwa sababu ya jembe.

Jioni mwenye duka alinyanyua macho akamwona yeye badala ya mama mkwe.

"Nipimie unga," Nasimiyu alisema. "Nusu kilo."

"Ai, na wewe pia unapikia kuku?"

Hakucheka. Alingoja unga wake.