Nyasi za Ndoa Mbele ya Wakili

Mke mwenzangu nilimwonea wivu tangu alipoolewa, lakini wivu wa kuninyima usingizi ulikuja na karatasi. Mume wetu alimpeleka kwa wakili mjini Litein, wakarudi na kiapo cha kwamba wao ni mume na mke, kimepigwa mhuri mwekundu. Mwenzangu akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni, mahali ambapo hata nikienda kuomba chumvi lazima nikione. Nikaacha kuomba chumvi.

Mimi nilifungwa segutiet, zile nyasi ambazo maharusi wa Kipsigis hufungana mkononi mbele ya wazee. Zangu nilizihifadhi kwenye mkebe wa kakao. Asubuhi moja nikavaa sweta yangu ya kanisani, nikachomoa kitambulisho cha mume kwenye shati lake, nikaenda Litein na mkebe wangu kwapani.

Wakili alikuwa kijana mwenye tai. Alifungua mkebe, akachungulia.

"Mama, hii siwezi piga mhuri."

Nikamtajia jina la mume. "Na ya mke mwenzangu ulipigaje?"

"Ile ilikuwa kiapo. Walikuja wote wawili, wakaapa hapa mbele yangu. Mimi sifungishi ndoa, na cheti cha ndoa kinatoka kwa msajili. Mimi nashuhudia mtu akiapa, ama naangalia kama kopi inafanana na ile yenyewe."

"Basi nitaapa."

"Utaapa yako. Ya mzee lazima akuje mwenyewe."

Nikamsukumia kitambulisho. Akanirudishia.

"Hiki si mtu, mama. Siwezi pigia mhuri mtu hayuko."

Ningeondoka hapo, lakini roho ilikuwa inaniuma. Nikamuuliza siku ile mume wangu alikuwa amevaa nini. Alinishangaa, kisha akasema anakumbuka koti la kijivu.

Koti hilo nililipiga pasi mimi. Aliniambia anaenda mazishi.

Nilimkuta mume shambani, kikapu mgongoni, anachuma majani chai. Nikamweleza nilikotoka. Akacheka.

"Karatasi ni ya yule hakufungwa segutiet. Wewe unataka ya nini?"

Karatasi sikuitaka, na nilimwambia hivyo. Nilitaka avae lile koti, aketi kando yangu mbele ya mtu asiyetujua, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi ni mke wake. Kicheko kikamwisha. Alichuma mstari mzima bila kunitazama.

"Sawa," akasema. "Ngoja majani ipungue kwanza, halafu twende."

Kwetu majani huchumwa Januari hadi Desemba. Na siku aliyoenda na yule ilikuwa siku ya kuchuma. Kikapu chake nilikibeba mimi mpaka kituo cha kupimia majani, nikimwombea aliyekufa.