Kumleta Binti Kondo kwa Gari la Mluzi

Binti Kondo, mama mzazi wa mke wangu, alikuwa akipoteza macho. Habari hiyo ililetwa kwetu Kibaha na shemeji yangu Shomari, aliyefika kutoka kwao Mzenga na kikapu cha korosho. Alisema mama anamimina maji pembeni ya sufuria, anawatambua wajukuu kwa sauti, na juzi alimsalimia mgomba akidhani ni jirani yake. Tulicheka kidogo, kisha mke wangu Chausiku akaanza kulia.

Nikaenda hospitali kuuliza. Nikaambiwa huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa macho atakuja Jumatatu. Akishaondoka, kumwona tena ni baada ya miezi. Shomari akasema basi yeye atamleta mama kwa treni ya Jumamosi, maana reli ya Uhuru inapita Mzenga. Ashuke naye Dar, wapande basi, Jumapili wawe wamefika.

Mimi nikakataa. Nikasema mkwe wangu hawezi kusukumana na magunia kwenye treni wakati mimi nina gari. Chausiku aliniangalia, akaenda kumimina korosho. Wajukuu wangu huniuliza kuhusu lile gari tu, lilikuwa na mbio gani. Kuhusu safari hii hawaniulizi, na ndiyo maana naiandika.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiswidi, la milango miwili, rangi ya kahawia, na lilikuwa limeshachoka nilipolipata. Mtaalamu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kibaha aliniuzia alipokuwa anarudi kwao, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna aliyetaka gari ambalo vipuri vyake vinatoka ng'ambo. Lilikuwa na tabo, yaani kinu kidogo chenye umbo la konokono, kinachozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hiyo hiyo upepo. Ukikanyaga mafuta, kwanza unasikia kimya, kisha mluzi, kisha mgongo unabanwa na kiti. Mimi nilikuwa karani. Kazini hakuna kitu kilichokuwa kikiniitikia namna ile.

Miaka ile tulikuwa tunapanga foleni ya sukari, sabuni na petroli, seuze vipuri. Fundi wangu alikuwa Lameck, mtu wa bara aliyehamia Sofu, mtaa wetu pale Kibaha, akawa jirani yangu. Alikata gasketi kwa maboksi magumu, akachonga bushi kwa mpira wa matairi ya lori, na akatengeneza kipozea mafuta kwa mabomba ya jokofu bovu. Hayo yalikuwa matengenezo ya lazima. Lakini nilimshawishi pia akaze springi ya valvu inayopunguza upepo wa tabo, ili gari lipige mluzi zaidi na kukimbia zaidi. Mabati tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya nyumba yetu niliyabadilisha kwa matairi manne. Chausiku aliendelea kuishi chini ya makuti, na mimi nikawa na matairi mapya.

Lameck alinipa sharti moja. Alisema tabo inaogeshwa na mafuta ya injini. Ukitoka mbio ukazima ghafla, mafuta yanasimama, lakini kinu bado kina moto na bado kinazunguka, kinajisaga kikavu. "Liache lipumue," alisema. "Fika, kaa, vuta sigara moja, halafu ndiyo uzime." Pale Sofu nililishika sharti hilo kama swala. Nilikuwa nikifika nyumbani nakaa ndani ya gari linanguruma, mkono dirishani, majirani wakitazama. Baadaye sana ndipo nilipojiuliza kama ningelishika vilevile pasipo kuwa na wa kunitazama.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Sofu, mimi na Chausiku, na kilo ya sukari tuliyoipata kwa taabu kama zawadi ya mama. Mpaka Mlandizi njia ni lami. Pale tukachepuka kushoto, tukavuka reli ya kati, na vumbi likaanza. Bonde lile lina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu yenye nyufa, na siku ile tuliupita vizuri, ingawa tumbo la gari lilikwaruza mara kwa mara. Kila lilipokwaruza, Chausiku alishika dashibodi na mimi nikasema si kitu.

Mzenga tulifika mchana. Shomari alitusikia kabla hajatuona. Alikuja na jembe begani, akalizunguka gari, akainama kusikiliza.

"Shemeji, hili gari lina pumu?"

"Hiyo ni nguvu, si pumu."

"Babu yetu naye alikuwa akipumua hivyo. Tukamzika."

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikasirika moyoni.

Binti Kondo alikuwa ukumbini, ametupa ushungi mbele ya uso. Kwa desturi ya wazee wa kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawazungumzi uso kwa uso. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ametazama ukuta. Zaidi ya marahaba hiyo, katika miaka yote ya ndoa yangu mpaka siku hiyo hakuwahi kunisemesha. Yote aliyotaka nijue aliyapitisha kwa mwanawe. Jioni ile alipitisha hili: "Mwambie mwenzio, nikifunguliwa macho nitapanda mbaazi zangu mwenyewe. Nimechoka kupandiwa."

Alfajiri ya Jumapili mvua ilinyesha kwa nguvu. Kulipokucha Shomari alitoka na baiskeli kutazama njia, akarudi akiwa amelowa matope mpaka kiunoni. Alisema mbuga ya kuelekea Mlandizi imekuwa uji, hata trekta halipiti. Treni ilikuwa imeshapita jana. Njia iliyobaki ilikuwa ya mzunguko, kwenda Maneromango, kupanda Kisarawe, kushuka Pugu, kupita Dar na kurudi Kibaha. Na ilikuwa Jumapili. Siku hizo, ili kubana petroli, gari la mtu binafsi lisilo na kibali halikuruhusiwa kuwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Kibali sikuwa nacho.

Kumpandisha mama garini kulichukua muda. Ili kufika kiti cha nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe, naye hakutaka kupita pale ninapokaa mimi. Tukamzungusha upande wa pili. Alipokaa akajifunika, akamwambia Chausiku, "Muulize mwenzio, gari la milango miwili, mkwe apitie wapi?" Chausiku hakuniuliza. Nilikuwa nimesikia.

Mpaka Maneromango tulikwenda polepole, tukiteleza. Mara mbili tulishuka kusukuma, mimi na Chausiku, mama amekaa ndani ameshika kikapu chake. Baada ya hapo njia ikakauka, kumbe mvua haikufika huko. Nilitazama saa, nikaona tumechelewa. Nikaanza kukimbiza.

Kupanda kuelekea Kisarawe mjini nilikanyaga mafuta mpaka chini. Tabo ilipiga mluzi ambao sijawahi kuusikia. Petroli ile haikuwa nzuri na injini ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, lakini sikuachia. Mikorosho ilikuwa inatupita pande zote mbili. Nakiri kwamba katika kupanda kule nilimsahau mgonjwa. Nilikuwa na gari tu na mlima.

Tulipopita Kisarawe na njia kuanza kuinama kuelekea Pugu, niliangalia mshale wa petroli. Ulikuwa chini. Kila dereva wa miaka ile anajua nilichofanya. Mteremko ulikuwa zawadi ya bure, na aliyejua thamani ya petroli hakuupita injini ikiwaka. Nikaweka gia huru, nikazima, gari likateremka lenyewe. Lilikuwa limetoka mbio, lina moto kama tanuri, na sikulipa hata dakika moja ya kupumua.

Kukawa kimya. Tulisikia upepo na matairi tu. Kutoka nyuma, sauti ikasema, "Muulize mwenzio, mbona mluzi wake umekatika?"

Chausiku alinigeukia. "Mama anauliza."

"Mwambie nabana mafuta."

Hata wakati huo neno la Lameck halikunijia. Nilikuwa najiona mjanja.

Mteremko ulipoisha nikawasha. Injini ilishika, kisha ukatoka mlio wa chuma kinachosagika, na kwenye kioo nikaona nyuma yetu moshi wa bluu, mzito, umefunika barabara yote. Tabo ilikuwa imevunjika na injini ilikuwa inayanywa mafuta yake yenyewe. Nililazimisha kwenda mbele kidogo, mpaka taa ya oili ikawaka. Nikasimama kando ya njia. Safari hii nilizima kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

Nilifungua boneti, nikakaa kuitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Chausiku alimshusha mama, akamkalisha kwenye nyasi. Basi la kwenda Dar lilikuwa limeshashuka asubuhi, na magari mengine, kwa amri ya Jumapili, yalikuwa yanapungua. Nilianza kueleza, bila kuulizwa, habari za petroli mbaya, mvua, na wale waliokataza magari. Nilikuwa nazungumza na Chausiku, lakini sauti yangu ilikuwa kubwa.

Binti Kondo akainua ushungi wake. Macho yake yalikuwa meupe katikati, hayakunipata vizuri, yalitazama pembeni kidogo ya bega langu. Akanisemesha mwenyewe.

"Baba," alisema, "mimi sikukuomba mbio. Nilikuomba unifikishe."

Kisha akashusha ushungi. Tulikaa pale mpaka kivuli cha gari kilipohama.

Jioni mzee mmoja, Mzee Kibwana, aliyekuwa na nyumba karibu na barabara, alitukaribisha. Mkewe alimpa mama kitanda chake. Mzee alinisaidia kusukuma gari hadi uani kwake, na njiani akanichokoza: "Hili ndilo lililonipita mchana kule mlimani likinipigia mluzi kama nimekuwa mbwa? Pole, mwanangu. Baiskeli yangu ipo, haina haraka." Tulikula mihogo kwa nazi. Sikumbuki kama nilishukuru inavyostahili.

Jumatatu basi la kwanza lilipita limejaa, la pili likatuchukua. Tulifika hospitali Kibaha baada ya adhuhuri. Benchi la wagonjwa wa macho lilikuwa tupu. Muuguzi alituambia daktari amemaliza na ameondoka, turudi atakapokuja tena. Chausiku alimfikishia mama maneno hayo sikioni, ingawa mama alikuwa ameyasikia vizuri. Mama akasema haya, basi nirudisheni kwangu, maana hakutaka kuishi miezi nyumbani kwa mkwe. Shomari alikuja akamchukua kwa treni. Alinipa mkono akiondoka, na safari hiyo hakunitania. Ningefurahi kama angenitania.

Nitasema hapa habari ya macho, isije ikadhaniwa naificha. Daktari aliporudi, miezi baadaye, alifungua jicho la kulia tu. La kushoto alisema limekwisha, wagonjwa wa namna ile hawapaswi kungoja. Kama angeliwahi Jumatatu ile, sijui; sikuthubutu kuuliza. Kwa jicho hilo moja Binti Kondo alipanda mbaazi zake miaka mingi. Alipofunguliwa bandeji alinitazama kidogo, kinyume cha desturi, akamwambia mwanawe, "Kumbe mfupi."

Lakini kabla ya hapo alipaswa kuletwa. Nilimwambia Shomari amlete kwa treni, na nauli nitatoa mimi. Jibu likarudi kutoka kwa mama mwenyewe: mkwe aje na gari lake, lakini lisipige mluzi.

Lameck alikuwa ameshaliburuta gari kutoka uani kwa Mzee Kibwana. Alifungua tabo, akanionyesha ekseli yake, nyeusi, imelika kama mfupa uliotafunwa. Hakunilaumu. Alitoa kile kidude chote, akaunganisha bomba moja kwa moja. Gari likawa zito, la kawaida, halina sauti ya kumgeuza mtu. Springi na valvu niliziuza, na nikaanza kukusanya mabati tena, moja moja.

Ilikuwa katikati ya wiki, wakati wa kiangazi, nilipokwenda Mzenga kumchukua mama mara ya pili. Nilikwenda taratibu na kurudi taratibu zaidi, njia ya Mlandizi, nikiyakwepa mashimo yale niliyoyapita mwanzo nikisema si kitu. Chausiku alikuwa nyuma na mama. Katikati ya mbuga nilisikia mazungumzo yao yamekoma. Nikatazama kwenye kioo. Binti Kondo alikuwa amelala, kichwa begani kwa mwanawe, ushungi umeanguka, mdomo wazi kidogo. Alilala tulipovuka reli, akalala Mlandizi kwenye kelele za wauza ndizi, akalala lami yote.

Tulifika Sofu jua likiwa bado juu. Nilisimama mbele ya nyumba yetu ya makuti. Nilikuwa na petroli kidogo sana, na tabo ya kungojea ipoe haikuwepo tena. Nilinyoosha mkono kwenye ufunguo, nikaurudisha. Niliogopa kwamba kimya kingemwamsha. Chausiku alinitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kidogo kwamba ndiyo, acha.

Nililiacha lingurume. Tulikaa hivyo, petroli ikiungua, hakuna jirani aliyekuja kutazama, mpaka mama alipofumbua macho mwenyewe akauliza kama tumefika.