Moyo Ulioitwa Mzima

Kwetu hatufi kwa magonjwa. Kwetu tunakufa kwa ajali. Baba, fundi wa kuezeka, alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa amelipanda mara nyingi kuliko kitanda chake. Shangazi alizama kwenye bwawa la kuogelea, maji yakiwa kifuani, naye alijua kuogelea kuliko sisi wote. Binamu yetu aliingiza gari mtaroni kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, hajanywa hata soda. Kila mara watu walikuja, wakakaa, wakasema ajali haina kinga, wakaenda zao. Sisi tukaitikia, maana jambo likishapata methali mtu haulizi tena.

Nayasema haya mapema ili msije mkamlaumu dada yangu kwa jibu alilolitoa.

Dada ni mkubwa wangu, na kazi yake watu wa mtaani hawajawahi kuielewa. Akiulizwa anasema, "Nalisha mioyo." Wajinga hucheka, wenye adabu hubadilisha mazungumzo. Lakini ndivyo ilivyo. Yuko kwenye maabara inayochunguza namna moyo wa binadamu unavyojiunda tumboni mwa mama, tangu ukiwa haujafika hata ukubwa wa punje ya mchele. Kwa kuwa huwezi kumfungua mama wa watu ukachungulia, wanachukua damu ya mtu, wanazirudisha chembe zake utotoni, kisha wanazielekeza ziwe moyo. Zikikubali, zinajikusanya pamoja, zinafanya uwazi katikati kama chumba, halafu siku moja, bila kuambiwa na mtu, zinaanza kudunda. Dada huzibadilishia maji ya chakula kila asubuhi, iwe sikukuu iwe mvua, amevaa glavu na barakoa. Maji hayo yana rangi ya waridi. Yakianza kuwa manjano, ujue zimekula zimemaliza.

Niliwahi kwenda kumtembelea kazini, akanikalisha mbele ya darubini. Nikaona kitu kinadunda, kidogo, kibishi, hakina mwili wala mwenyewe. Niliondoa jicho haraka. Sikukipenda, na sioni haya kusema.

Sasa, katika kazi hiyo hakuna moyo unaochunguzwa peke yake. Ukiotesha wa mgonjwa, sharti pembeni yake uoteshe wa mtu mwenye afya, ili ulinganishe. Wakahitaji damu ya watu wa namna hiyo. Mtafiti mkuu, kijana mwembamba aliyeitwa Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu hata mafua, akapita akiwauliza wafanyakazi. Dada akajitolea, na wanaume wawili watatu. Una maradhi yoyote? Hana. Kwenye ukoo wenu kuna aliyekufa kwa moyo?

"Hapana," dada akasema. "Kwetu ni ajali tu."

Wakamshukuru. Majina yakaondolewa kwenye chupa, isijulikane damu ni ya nani, ikachaguliwa mojawapo, na moyo uliooteshwa kwa damu hiyo wakauita Mzima.

Mzima akaanza vizuri, akadunda hata kabla ya wenzake. Lakini alipoanza kukomaa, akawa anasita. Anadunda, anadunda, kisha kimya. Kimya cha kukufanya umeze mate. Halafu anaanza tena, kama vile hakuna kilichotokea.

Mnadhani walimshuku Mzima? Thubutu! Mzima ni mzima, ndiyo kazi yake. Walimshuku mlishaji.

"Mama, labda maji unayoyaleta yamepoa," Daktari alimwambia. "Au mkono wako una haraka."

Dada yangu, mtu wa kuosha mikono mpaka ngozi inachubuka, akainamisha kichwa akaomba radhi. Wakamtupa Mzima, wakaotesha mwingine kutoka kwenye akiba ya damu ileile iliyogandishwa. Naye akafika palepale akasita. Wakamtupa na huyo. Siku hizo dada alikuwa akirudi nyumbani chakula hakipiti. "Naviua vitu vya watu, mdogo wangu," aliniambia. "Sijui nakosea wapi." Damu ikanichemka, nikataka kumfuata huyo Daktari nikampe vidonge vyake. Laiti tungejua kwamba dada alikuwa akiomba radhi kwa makosa ya moyo wake mwenyewe.

Wakati huohuo binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba kubwa. Mpwa wangu huyo tunamwita Redio, maana hazimiki. Basi akaanza kuzimika. Mara moja alianguka jikoni, mara nyingine kwenye foleni ya benki. Majirani wakasema ni mimba inamchosha. Yeye mwenyewe akasema amezimia kwa mshangao, kwa sababu alimkuta mumewe anaosha vyombo. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Nikikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka.

Mzima wa tatu aliposita, Daktari hakumlaumu mtu. Alikwenda kuvisoma vinasaba vyake, yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe, herufi moja baada ya nyingine, na humo akaona pia kwamba damu ni ya mwanamke. Kisha akamwita dada ofisini na kumpa kiti. Hapo ndipo dada alipoogopa. Kijana yule hajawahi kumpa mtu kiti.

"Mama, huwa unapata kizunguzungu?"

"Mara mojamoja, nikiinuka haraka. Ni umri tu."

"Ulishawahi kuzimia?"

"Zamani, nikiwa msichana. Kwani vipi?"

Daktari akawa anachezea kalamu. Hakuruhusiwa kumwambia lolote, kwa sababu damu iliyotolewa bila jina haina mwenyewe, na ndivyo walivyokubaliana wote.

"Hao ndugu zenu wa ajali," akasema. "Kuna mtu aliyewaona wakiteleza? Kuteleza kwenyewe, aliwaona?"

Dada akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Fundi aliyekuwa na baba juu ya paa alisema kwamba mzee alisimama wima, nyundo ikamtoka mkononi, ndipo akaanguka. Shangazi hakupiga kelele hata moja. Binamu hakukanyaga breki. Tulikuwa tunayajua yote haya miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hatukuficha kitu, na kilio kilikuja mara tatu bila kutufichulia chochote.

"Daktari," dada akasema, "Mzima ni nani?"

"Siruhusiwi kusema, mama."

"Basi usiseme. Tikisa kichwa tu."

Hakutikisa. Alitazama meza, na macho yakamjaa machozi, kijana wa watu. Kisha akaeleza kama vile anamzungumzia mtu baki. Kuna maelekezo yanayozionyesha chembe wapi pawe ukuta wa moyo na wapi upite umeme unaouamsha udunde. Herufi moja ikikosewa, moyo unajijenga hivyohivyo, pengine ukiwa na tundu ukutani, pengine bila tundu, na mtu anatembea nao miaka. Halafu siku moja umeme haufiki. Na mtu wa namna hiyo, kila mtoto anayemzaa ni bahati nasibu, nusu kwa nusu.

Dada hakuuliza habari zake. Alivua glavu, akaiacha mioyo haijalishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanipigia simu. "Njoo unichukue twende kwa Redio. Sasa hivi."

Redio akatupokea kwa vicheko, mkono kiunoni, tumbo mbele, na hata dada alipomweleza habari za Mzima hakuacha.

"Yaani mama, mmekuja bila hata taarifa kwa sababu ya kichupa cha maabara?"

"Kaa chini."

"Nimebakiza mwezi. Nikishajifungua nitapimwa mpaka kope."

"Kuzaa ni kusukuma," dada akamwambia. "Moyo ukizima katikati, utasukuma na nini?"

Mumewe alikuwa amesimama na sahani mkononi, hajui aiweke wapi. Redio akaacha kucheka. Niliona kwamba anaogopa, na mtu wa kwetu akiogopa huwa mkali.

"Kwetu hakuna ugonjwa wa moyo," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenilea hivyo, mama."

"Nilikosea," dada akasema. "Kwetu hakuna kingine."

Redio akainuka kwenda bafuni, amenuna. Dada akamfuata, akatia mguu mlangoni. "Usifunge." Akakaa pale kizingitini, na baada ya hapo akakaa kila mahali. Redio akipanda ngazi, yuko nyuma yake. Akilala, mkono wa mama uko mgongoni, unasikiliza. Siku ya pili Redio akachoka kulindwa, akasema twendeni basi huko hospitali mkaniache nipumue.

Wakamfunga nyaya kifuani. Daktari wa moyo aliingia akitania, akaitazama karatasi ya mapigo, utani ukamwisha. Palikuwa na kimya ndani yake, kirefu kuliko cha Mzima. Hawakumruhusu kurudi nyumbani. Walimpandikizia kimashine chini ya ngozi karibu na bega, cha kuushtua moyo ukisahau, na wiki iliyofuata dada naye akawekewa chake. Mimi walinipima wakanikuta salama. Badala ya kufurahi niliona haya, kama mtu aliyekula peke yake.

Siku ilipofika Redio alisukuma, kimashine kikafanya kazi yake, na mtoto akatoka, msichana, analia kumshinda mama yake. Waliponiruhusu kusogea mlangoni walikuwa wote wanacheka. Redio ameshaanza kueleza jinsi alivyomng'ata mumewe mkono. Mkunga akaweka kipimo kwenye kifua cha mtoto, bado anatabasamu. Akakisogeza kidogo. Akafumba macho, akasikiliza tena, muda ukawa mrefu.

"Ngoja nimwite daktari wa watoto," akasema, akatoka kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia.

"Ana nini?" Redio akauliza. Akamgeukia dada. "Mama. Mtoto ana nini?"

Dada alikuwa amekwisha kuweka vidole viwili kifuani mwa mjukuu wake, akihesabu mapigo.

"Ana moyo wetu," akasema.

Kisha akaanza kumfungua kitambaa, taratibu, ili daktari akifika asipoteze muda.