Jirani wa Ukuta Mmoja

Mimi ni mtu wa haraka. Naijua kasoro yangu hii, na mume wangu anaijua zaidi. Chai huniunguza ulimi kila asubuhi, na basi nitalikimbilia hata kama jingine linaonekana pale nyuma yake. Yeye ni kinyume changu kabisa. Hata jozi ya viatu ataijaribu, ataiacha, ataenda zake kusali, kisha atarudi dukani kuitazama upya. Kwa hiyo tuliponuia kununua nyumba, katikati ya miaka ya tisini, nilijua tutagombana. Sikujua tu kwamba tutagombania ukuta.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Tottenham, ghorofa ya tisa, katika jengo la halmashauri. Sisemi vibaya kuhusu Tottenham. Sokoni nilipata muhogo, bamia na ndizi mbichi, na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo aliyekuwa akifanya usafi maofisini, ndiye aliyenifundisha njia za mabasi yote. Lakini chumba cha binti yetu kilikuwa na unyevu. Juu ya kitanda chake paliota ukungu mweusi. Nitausugua kwa dawa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo nitaukuta umerudi mahali pale pale. Mtoto alikuwa na miaka mitano, na kifua kilikuwa kikimbana mpaka midomo inabadilika rangi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye gereji ya mabasi hapo hapo Tottenham. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuuguza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee kule Harrow, na mchana kutwa nilikuwa nawaza kama pampu yake ya pumu iko mkobani au imesahauliwa nyumbani. Nilitaka kumtoa mtoto kwenye chumba kile. Sikuwa na haja nyingine.

Nyumba niliiona mimi, kule kule Harrow, wakati wa mapumziko ya kazi. Ilikuwa kwenye mtaa mfupi sana, labda nyumba thelathini kwa jumla, unaokomea kwenye uzio wa reli. Zote ni nyumba pacha: mbili mbili, zimeshikana ukuta mmoja katikati, kila moja na kibustani chake mbele. Kulikuwa na mzee mmoja anayeosha gari ambalo sikuwahi kuliona likitoka. Kulikuwa na dirisha lililopangwa trei za pilipili zinazokaushwa, na harufu ya bizari ikitoka chini ya mlango. Watu walisalimiana kwa kuinua kidevu, na London hiyo ni salamu kubwa. Nilijiambia hapa mtu akiugua, watajua.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiingereza anayehamia kwa bintiye, pwani. Alitupikia chai, akatutembeza. Chumba cha nyuma kilikuwa kinaingia jua la asubuhi. Niliweka kiganja ukutani, nikakisogeza juu, nikakisogeza chini, kote kukavu. Basi nikamgeukia mume wangu nikamwambia kwa Kiswahili, dalali amesimama pale anatabasamu asielewe kitu, kwamba safari hii akijikalia tu kufikiri nitamnunulia hema.

Cha ajabu alikubali siku ile ile. Benki nayo ikakubali. Mjane akasema nyumba ni yetu, na dalali akatuambia tuna bahati, kwani hata ubao wa kutangaza kwamba nyumba inauzwa ulikuwa bado haujapandishwa. Nilianza kukusanya maboksi.

Halafu jioni moja, tukiwa tunakula, mume wangu akauliza: "Yule jirani wa ukuta mmoja, ameulizwa?"

Nikamwambia ameulizwa nini. Akaweka kijiko chini. Marehemu baba yake alikuwa karani wa kadhi huko kwetu Unguja, na mume wangu alikulia kwenye kesi za nyumba na viwanja kama watoto wengine wanavyokulia kwenye mpira. Akanieleza habari za shufaa: kwamba anayeshirikiana nawe mali ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuinunua, na kabla hujamuuzia mgeni lazima umuulize. Nikamkumbusha kwamba shufaa ni ya mshirika, si ya jirani. Akaniuliza ule ukuta wa katikati ni wa nani. Nikasema ni wa wote wawili. Akasema basi huo ndio ushirika wenyewe.

Nilimwambia hii ni Uingereza. Huyo mjane akitaka kumuuzia paka, atamuuzia. Akasema sheria ya hapa anaifahamu, lakini yeye hawezi kwenda kukaa miaka thelathini nyuma ya ukuta wa mtu ambaye hakumbishia hodi hata mara moja. Tena alisema kwa upole, na upole wake ndio unaonitia hasira zaidi. Mtu akikupigia kelele, angalau unajua pa kumshika.

Jumapili tukaenda. Mjane alishangaa, lakini akasema hana neno, tukawaulize majirani zake tukitaka. Mlango tuliobisha ulikuwa ule wa dirisha la pilipili. Alifungua mzee wa Kihindi, mrefu, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mume wangu akaanza kwa Kiingereza chake cha adabu. Mzee alipomsikia akinong'ona nami kando, akacheka, akatujibu kwa Kiswahili cha bara. Alikuwa na duka Tabora zamani, alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimeingia kutu kidogo, lakini kilitembea.

Tukakaribishwa sebuleni. Mkewe hakuwepo, alikuwa hekaluni. Mume wangu akamweleza yote: kwamba nyumba ya pili inauzwa, kwamba tumeshakubaliana, lakini tumekuja kumuuliza yeye kwanza, na akiwa anaitaka, sisi tutarudi nyuma. Hilo la kurudi nyuma mimi sikuambiwa kabla. Nilimkanyaga mguu, hakugutuka.

 Mzee hakujua kwamba inauzwa. Akatazama ule ukuta, akatutazama sisi. Nilingoja aseme asanteni wanangu, nunueni kwa heri. Badala yake akasema: "Nipeni siku tatu."

Siku ya pili dalali alinipigia simu kazini. Jirani, alisema, ameweka dau juu ya letu, na hahitaji mkopo wa benki. Ana mtoto wa kiume anayeoa mwaka ule, anataka amweke ubavuni pake. Dalali akaniuliza kama tunaweza kupanda. Hatukuweza, alijua hatuwezi. Na hapa Uingereza neno la muuzaji halimfungi mtu mpaka mawakili wabadilishane mikataba, na yetu ilikuwa haijafika hata nusu ya njia.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu amempakata mtoto anamsugua mgongo. Nilimwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Nilimwambia akae na heshima yake kwenye ghorofa ya tisa, aitandike ailalie, mimi na mwanangu tunataka ukuta mkavu. Nilimwambia kwamba yeye anajali haki ya mtu asiyemjua kuliko kifua cha damu yake.  Alimfunika mtoto, akatoka kwenda msikitini, na asubuhi iliyofuata tulipishana mlangoni kama wapangaji.

Siku ya tatu nilitoka kazini mchana nikaenda peke yangu. Nilikuwa na sare yangu ya kazi na viatu vya kazi, na nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Nilikusudia kumwambia yule mzee kwamba tulimjia kwa adabu naye akatugeuka. Nikabisha kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Akafungua mkewe. Mwanamke mfupi, mvi zimesukwa mkia mmoja, mikono ina unga. Sikuwahi kumwona. Umri wake ulinirudisha kwenye malezi yangu kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alijibu, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mumewe, maana dukani yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na wateja. Akaniuliza nimetoka wapi. Basi mpango wangu wote ukavunjika. Nilimweleza hapo hapo mlangoni: sisi ni nani, tulikuja Jumapili, tuliuliza nini, na nyumba imekwenda wapi.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akageuka akamwita mumewe kwa Kigujarati. Mzee akaja na miwani yake mkononi. Mama yule akamsemesha kwa Kiswahili, na nadhani alikusudia mimi nisikie.

"Uliniambia umepata habari kwa dalali. Kumbe hawa walikuja hapa kukuuliza?"

Mzee akasema ndiyo, walikuja.

"Wamekuuliza wewe. Mimi nani ameniuliza?"

Mzee akasema ni kwa ajili ya kijana wao, awe karibu, wajukuu wawe karibu. Alisema alidhani mkewe atafurahi.

"Miaka arobaini unanidhania," mama akasema. Hakupandisha sauti. Akaniambia mimi, kana kwamba mzee ameshaondoka, kwamba Tabora alikaa na mama mkwe wake nyumba moja, jiko moja, miaka kumi na tisa, na kila alichopika kilionjwa na kila alipokohoa aliulizwa. Aliapa kwamba mke wa mwanawe hatasikia kikohozi chake kupitia ukutani. Kijana anataka kwenda kukaa mbali, yeye na mkewe, ameshamwambia mama yake mara mbili, baba yake hajui kwa sababu hajamuuliza.

Yule mzee alisimama pale akiikunja na kuikunjua miwani. Nilimwonea huruma, nami nilikuwa nimekuja kumgombeza. Mwishowe akasema kitu kwa Kigujarati, kifupi. Mkewe akanifasiria kwamba kesho asubuhi mzee atampigia dalali kuliondoa dau lake. Akaingia ndani akanitolea chapati nne zilizofungwa kwenye kitambaa, bado zina moto.

Na alimpigia kweli. Mjane alituomba radhi, akatwambia hakujua kwamba mtaa wake unapendwa hivyo.

Niseme hapa kwamba tulikaa kwenye mtaa ule mpaka miaka ya elfu mbili ilipokuwa imekolea, na binti yetu alikulia pale. Yule mama wa upande wa pili wa ukuta alimfundisha kukunja sambusa, akimkemea kwa Kiswahili, mtoto akimjibu kwa Kiingereza, wote wawili wakielewana. Majira ya kwanza ya baridi nilikuwa bado naamka asubuhi kupapasa ukuta wa chumba chake. Baadaye nikaacha. Mtoto alikuja kukimbia mbio za shule, akatoka wa pili, na mimi nililia uwanjani mpaka mwalimu akaniletea kiti. Kijana wa mzee alioa, akahamia mbali, akawa anakuja Jumapili. Mama yake alisema Jumapili zinamtosha.

Lakini nimeruka mbele, nimesema mimi ni mtu wa haraka. Jioni ile ya chapati, nikiwa kwenye treni, nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha, halafu kicheko kikakatika. Nilikuwa nimemkumbuka mume wangu akisema "tutarudi nyuma" bila kunitazama. Alimuuliza mzee wa Tabora. Alimuuliza mjane. Nikaanza kuhesabu nyuma. Kuja London, aliniletea tiketi. Ghorofa ya tisa, nilikuta ameshatia saini. Jina la mtoto lilikuwa la mama mkwe wangu. Yote niliyapokea, mengine niliyapenda, lakini siku ya kuulizwa sikuikumbuka.

Nilipofika nilimweleza kila kitu, na yale maneno ya miaka arobaini nikamwambia mara mbili. Alikula chapati yake polepole.  Sikumshindilia, maana nilikuwa bado nina deni la kumwomba radhi kwa maneno yangu, na nikamwomba. Akasema yamekwisha. Wiki zikapita, makaratasi yakaenda na kurudi, nami nikadhani amesahau.

Siku ya kutia saini tulikaa ofisini kwa wakili, meza kubwa, mvua dirishani. Wakili akasukuma mkataba mbele ya mume wangu na kumwonyesha mstari. Mume wangu akachukua kalamu. Kisha akaiweka chini, nikajua amepata jirani mwingine wa kuulizwa.

Akanigeukia na kiti chake chote.

"Mke wangu, nyumba hii unaitaka?"

Wakili alitazama saa yake. Alikuwa hajui Kiswahili, nadhani alifikiri tumepata shida. Mimi nilikuwa nimeitaka nyumba ile tangu nilipoweka kiganja ukutani, nilikuwa nimeigombania kwa ulimi na kwa miguu. Na bado niliangua kilio, mimi mtu mzima, juu ya makaratasi ya watu.

"Naitaka," nikasema. Na hapo hapo nikaona lile ambalo mimi nami sikumuuliza. Gereji yake ya mabasi ilikuwa kule kule Tottenham. Kutoka Harrow itambidi aamke saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu. Hilo nililijua tangu mwanzo, nikalinyamazia nisije nikaharibu mambo.

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Unaitaka?"

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama anavyofikiri viatu, na mimi kwa mara moja maishani mwangu sikumharakisha. Kisha akasema anaitaka, akaniwekea kalamu mkononi, nikatia saini kwanza.