Mstari wa Penseli kwenye Kitambaa cha Mama Aika

Nakataa. Tangu juzi watu wananipa pole, na mimi bado nakataa. Mama Aika, fundi cherehani wa Kijenge, rafiki yangu wa miaka thelathini, eti hayupo? Jumapili tumekaa benchi moja kanisani. Jumatatu naambiwa kifua kilimbana, basi.

Mnaonifuata humu mnamfahamu bila kujua. Magauni yote mnayoyasifia kwenye picha zangu ni mkono wake.

Ila alikuwa na kichaa cha treni, jamani! Siku treni ya abiria iliporudi Arusha alifunga duka, akavaa kanga mpya, akaenda stesheni kuipokea kama bibi harusi. Wateja wakasubiri nguo zao mpaka jioni.

Sasa mwanangu Gladness alipojifungua, ilibidi niende kumlea. Ndiyo, yule yule nesi wangu wa Luxembourg, wa kwanza ukoo mzima kupanda ndege, sichoki kusema. Mtoto wangu hawezi kukaa uzazi bila mtori wetu wa ndizi na nyama wakati mimi nipo hai. Lakini niliogopa, Kiingereza changu ni cha darasa la saba.

Mama Aika akasema, "Tunakwenda wote, Mama Gladi. Nani atakushika mkono kwenye zile ngazi zinazotembea?"

Kufika kule, kumbe treni, basi, tramu, vyote unapanda bure, nchi nzima! Mwenzangu hakulala.

Safari ya kwanza tulikwenda hadi mpakani kaskazini. Tulibeba chupa ya chai, chapati sita na mayai ya kuchemsha, si tunavuka nchi? Hata chapati ya pili hatujamaliza, treni ikasimama, watu wote wakashuka. Mama Aika akachungulia dirishani, akanigeukia.

"Mama Gladi, nchi imeisha."

Tulicheka mpaka wazungu wakatupisha njia. Chapati zilizobaki tulizimalizia kwenye benchi la stesheni.

Baada ya hapo ilikuwa kila siku. Mama Aika akishapika mtori na kumwogesha mtoto, anatoka. Gladness alikuwa ameishi kule miaka sita, na bado alikuwa anamuuliza yeye: "Mama mdogo, basi la kwenda kliniki ni lipi?" Anajibiwa: "Panda hilo la pili, shuka kituo cha tatu, na usikae upande wa jua."

Jioni anatoa kitambaa. Ni vile vitambaa vyetu vya makochi, mnavijua. Alikuwa amechora njia zote za treni za nchi ile kwa penseli, na kila njia aliyoipanda anaidarizi kwa uzi mwekundu. Jamani, kilikuwa kizuri!

Sasa niseme ambalo sijawahi kulisema.

Wiki ya mwisho zilikuwa zimebaki njia chache, kisha kikabaki kijitawi kimoja tu cha kaskazini. Asubuhi ile mtoto alikuwa amelia sana, mimi nimechoka. Nikamkuta mlangoni na koti. Nikamwambia mbele ya Gladness, "Nilikuleta kumlea mzazi, si kuzurura na magari moshi kama huna kwako."

Akasema, "Haya, Mama Gladi." Akavua koti, akakunja kitambaa, akaenda kufua nepi.

Hakutoka tena hadi tunaondoka. Mtoto akilia, alimbeba mgongoni na kumtajia majina ya vituo, kimoja kimoja, kwa lafudhi yake ya Machame, mpaka analala. Na hata hapo sikusema samahani. Nilijifanya nimesahau.

Tuliporudi, kitambaa alikitundika juu ya cherehani. Wateja walimtania: "Fundi, hapo uzi ulikuishia?" Yeye anawajibu, "Hapo nimejiachia mlango wa kurudi." Mimi niko palepale kwenye benchi lake, natazama sakafu. Miaka mitatu, hakunitaja hata mara moja.

Leo asubuhi, kabla ya kumpeleka nyumbani Machame kumzika, simu ya video ikaita. Gladness wangu, bila kuambiwa na mtu, amembeba mwanawe wamepanda treni ya kijitawi kile. Mjukuu wangu anapiga kelele, "Bibi! Treni ya Bibi Aika!" Nikaona msitu, nikaona mto, kidogo tu treni ikasimama.

"Mama, tumefika mwisho."

Dakika chache, jamani. Hata chai haijapoa. Ndizo nilizomnyima.

Nikamwita binti yake, Aika, nikamweleza yote. Akashusha kitambaa ukutani, akaniwashia taa ya simu ili nilione tundu la sindano. Mimi ambaye kifungo tu nampelekea fundi, nimeushona ule mstari wa penseli kwa uzi mwekundu, kutoka kwenye cherehani yake.

Umepinda, Mama Aika. Ungekuwepo ungefumua ukaanza upya, huku unanicheka.

Samahani, dada yangu. Nimechelewa, ila nimesema, na nimesema mbele ya watu wote.

Kitambaa tumekuwekea mkononi. Jilalie sasa kwa amani. Nchi umeimaliza yote.