Jipu Mbele ya Wakwe

Watu wengi wanaogopa wakwe kwa sababu ndogondogo: umaskini, kukosa kazi, sura isiyopendeza. Mimi nilikwenda Bagira kupeleka mahari nikiogopa kitu kimoja tu, salamu.

Kwetu Bukavu watu wanaoheshimiana hawaridhiki na kushikana mikono. Wanagusanisha vichwa, panja kwa panja, pale kati ya jicho na sikio: kulia, kushoto, kisha kulia tena. Sasa mimi, wiki hiyo hiyo, nilikuwa nimepita Nyawera kunyolewa ili nipendeze, na wembe ukaniachia jipu kwenye panja ya kulia. Sitaki kutia chumvi: lilikuwa kubwa kama kisiwa cha Idjwi. Lingekaa siku chache zaidi, watu wangelima mihogo juu yake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na biolojia ndiyo niliyojivunia mpaka mtaani wananikimbia. Kwa hiyo niliteseka kisomi. Mtu wa kawaida anasikia maumivu tu. Mimi nilisikia maumivu pamoja na maelezo yake.

Mjomba wangu, aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu siku hiyo, hakutaka maelezo.

"Vaa kofia," aliniambia tukiwa njiani.

"Kofia mbele ya baba mkwe, mjomba?"

"Basi vumilia. Ni kajipu tu. Watu wamekatwa miguu na wakaoa."

Shida haikuwa baba mkwe. Shida ilikuwa dada yake mkubwa, shangazi wa mchumba wangu. Katika nyumba ile, hakuna binti aliyetoka bila yeye kukubali. Alikuwa amekwisha kumrudisha kwao mchumba mmoja kwa sababu alipiga miayo wakati wa sala. Mchumba wangu alinionya mapema: "Shangazi anasomaka watu mu salamu. Ukimukwepa atasema uko na kiburi, na mambo yetu imeisha."

Tulipoingia, ndugu za mchumba wangu walikuwa wamesimama mstari ambao, kwa macho yangu, ulianzia sebuleni ukaishia mpakani na Rwanda. Nikapanga ujanja: kila mmoja nikampa panja ya kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto. Walishangaa kidogo lakini wakanyamaza, maana mgeni ana mambo yake. Nikamfikia shangazi. Mama yule hakuuliza kitu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua papai sokoni, akakigeuza, akanigonga upande wa kulia kwa upendo wote wa ukoo.

Nilipiga kelele. Sikulia kama mwanamume, wala kama mwanamke. Nililia kama honi ya boti ya Goma inapoondoka.

Shangazi akaniachia kichwa.

"Uyu mutu hatupendi," shangazi akasema. "Kichwa yangu iko na miiba?"

"Samahani, maman," mjomba akajitosa. "Iko na kajipu kadogo."

"Kajipu! Mwanaume mzima analia ju ya kajipu? Siku mutoto wetu atazaa mapacha, nani atabeba mwenzake ku maternité?"

Wakacheka wote, hata watu wa upande wetu. Kwenye pazia la chumba cha ndani nikaona uso wa mchumba wangu, na uso ule haukucheka. Nikajua ndoa yangu inatoka mlangoni. Basi nikafanya kile ambacho mtu wa masomo ya jioni anafanya akibanwa: nikafundisha, tena kwa Kiswahili cha darasani.

"Shangazi, neva ya maumivu ni kama sentineli, yaani mlinzi wa nyumba. Siku zote analala getini. Mpaka mwizi avunje dirisha ndipo anaamka. Lakini mtaani wakitajwa wezi, mwenye nyumba anaanza kumpa nyama na chai ya maziwa. Sentineli ameshiba, hana usingizi. Kuku akipita, firimbi! Jani likianguka, firimbi! Penye jipu ni hivyo hivyo. Nyama iliyovimba inatoa kitu kinachoitwa kichocheo cha ukuaji wa neva. Tulipokuwa tumboni mwa mama, ndicho kilicholea neva hizi. Bila hicho zingekufa. Lakini ukubwani, neva ikikipata kwa wingi inadeka. Inaacha milango yake wazi, hasa ule mlango ambao hata pilipili inapitia. Halafu habari inasafiri mpaka kwenye kiini cha neva, kuagiza milango mingine itengenezwe. Basi joto dogo linakuwa moto, na kichwa chako, shangazi, ambacho ni laini kama pamba, kinakuwa nyundo."

Ndipo baba mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni bila kuinuka, mguu mmoja juu ya kigoda na goti limevimba, akapiga mkono wa kiti.

"Rudilia hapo!"

"Wapi, papa?"

"Pale ya kuku na firimbi." Akamgeukia dada yake. "Unasikia? Goti yangu! Shuka ikigusa, minalalamika, munasema papa anaigiza. Munasema anatafuta kupikiwa samaki ya sambaza. Leo sayansi yenyewe imeingia mu nyumba!"

Nikamtazama mjomba, naye akanikonyeza. Ng'ombe wetu wa mahari walikuwa karibu kupokelewa. Lakini shangazi alikuwa bado anafikiri.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Ule anapatiaka sentineli nyama, ni nani? Ni jirani? Ni mulozi?"

Hapo ningepaswa kudanganya. Elimu ilinikataza.

"Ni mwili wenyewe, shangazi."

"Ona!" Akapiga makofi. "Ile goti, ni yeye mwenyewe anailisha! Tulisemaka nini?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mkwe akaliangalia goti lake kama mtu anayemwangalia mtoto aliyemwibia. Kwa sentensi moja nilikuwa nimempoteza mtetezi pekee niliyempata. Mjomba akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Kisha tumbo la mzee likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Uyu kijana amenipatia haki," akasema akipangusa macho. "Na we pia, dada, amekupatia haki, na maneno iko yale yale. Mutu wa vile tukimuacha inje, majirani batamuchukua, atakuja kutushinda kesi ku tribinali. Afazali akuwe wetu. Ng'ombe ziingie."

Wote wakamgeukia shangazi. Alinitazama kutoka viatu mpaka jipu, polepole, kama anayenunua kitambaa cha kikwembe akitafuta penye rangi imechuja.

"Bon. Abakie," akasema. "Lakini pombe ya kasiksi mumutilie kidogo. Ikifika kwa ule sentineli wake, atatufundisha mpaka kesho asubui."