Bwana Shamba na Nondo Asiyezaa Mabinti

Nilikuwa Kalangalala, mjini Geita, nikitafuta basi la kwenda kwingine kama kawaida yangu, nilipopigiwa simu kuwa bwana shamba wetu wa Tinde amefariki. Nikageuza safari. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mstaafu ambaye hata baada ya kupumzishwa aliendelea kuzunguka kwa baiskeli, akipekua mahindi ya watu kutafuta kiwavijeshi vamizi, yule mdudu mgeni anayetafuna mpaka moyo wa mmea.

Nilikuwepo, misimu mitatu iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji uliomvunja moyo. Alikuwa ametoka semina, akaeleza kwamba wataalamu wanaweza kubadili chembe za urithi za nondo dume, mzazi wa kiwavi huyo. Akiachiwa shambani akazaa, watoto wake wa kike hufa wachanga, na kizazi hupungua bila sumu. Aliomba jambo moja tu: kijiji kikubali wataalamu waje kueleza zaidi. Mfugaji mmoja akasimama. "Bwana shamba, dume lisilozaa mabinti? Mji usio na binti, ng'ombe wa mahari wataingilia wapi?" "Ndiyo hasa, baba, nataka mji wa mdudu ufe!" "Na tabia hiyo ikihamia kwenye ng'ombe wangu, nikakosa mitamba?" "Nondo atampandaje ng'ombe, baba?" Watu wakacheka, lakini si pamoja naye. "Yaya, hapana! Hatutaki!" akapaza sauti mama mmoja, na habari ikaishia hapo.

Kukataa hakukunikera. Swali la mfugaji lilistahili jibu refu, na waliompa semina hawakufika kumsaidia kulijibu. Kinachonichosha ni kwamba tangu siku ile wanakijiji hawakumwita tena, hata kutazama mihogo. Sisi hawahawa tunashika zebaki kwa mikono mitupu kwenye machimbo ya Segese, tunanyunyizia mahindi sumu ya kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, halafu tunamwogopa mzee aliyekuja na maneno tu! Msibani mama yuleyule akanishika mkono. "Mahindi yangu yameliwa yote, baba. Angekuwepo ningemwita." Nikamjibu, "Mama, misimu mitatu alikuwepo." Akatazama chini, nami nikajuta ukali wangu, ingawa si sana. Wazo likataeni, ndugu zangu, ni haki yenu, msimfukuze aliyelileta. Wazo la nondo litaletwa tena na mwingine. Yeye tumeshamzika.